Pensheni za Majaji: Kosa Hutendeka Wizarani Kabla ya Kufika Mahakamani

Oktoba 20, 2025 Mahakama ya Katiba ya Romania ilibatilisha sheria iliyolenga kupunguza pensheni za majaji na waendesha mashtaka. Kabla jua halijatua, mitandao ilikuwa imeshatoa hukumu yake: majaji wamelinda matumbo yao. Upande wa pili ukajibu kwa ukali uleule kwamba serikali ilikuwa inawakomoa majaji kwa sababu ya kesi ilizowahi kushindwa. Pande zote mbili zilikuwa zinazungumzia nia. Sababu iliyotolewa na mahakama yenyewe ilikuwa ya makaratasi: serikali iliipitisha sheria bila kusubiri maoni ya Baraza Kuu la Mahakama, chombo kinachosimamia majaji na waendesha mashtaka, na muda wa baraza hilo kujibu ulikuwa haujaisha. Kuhusu kiasi cha pensheni, kama kinatosha au kimezidi, mahakama siku hiyo haikuingia. Serikali ikalazimika kuanza upya.

Nadhani tunaangalia pasipo. Migogoro ya pensheni za majaji mara chache huzaliwa na uroho wa majaji au chuki ya wanasiasa. Mara nyingi huzaliwa kwenye meza ya ofisa wa sera wizarani, siku anapokabidhiwa agizo la kupunguza gharama akalishughulikia kama kazi ya hesabu tupu. Kuongoza sera ya pensheni za majaji ni nusu hesabu, nusu katiba, na anayeijua nusu moja tu ataharibu zote mbili. Kwa jambo hili darasa bora si Romania. Ni Uingereza, ambako Wizara ya Sheria ilikosea, ikashtakiwa, ikashindwa, ikalipa na ikatunga mpango mwingine, yote ndani ya miaka 10 na yote yakiwa kwenye maandishi ambayo yeyote anaweza kuyasoma.

Tuanze na mpango wa zamani. Chini ya sheria ya mwaka 1993, kila mwaka wa utumishi ulimpa jaji wa Uingereza sehemu 1/40 ya mshahara wake wa mwisho. Akitimiza miaka 20 alikuwa na haki ya nusu ya mshahara kila mwaka hadi kufa, pamoja na mkupuo wa mara 2.25 ya pensheni hiyo ya mwaka. Aliyemaliza kwa mshahara wa pauni 100,000 angepata pauni 50,000 kwa mwaka na mkupuo wa pauni 112,500. Mwalimu au muuguzi wa enzi hizo alikuwa akijikusanyia 1/80 kwa mwaka, kwa hiyo kwa macho ya kawaida kikokotoo cha majaji kilikuwa anasa. Lakini mwalimu huingia kazini akiwa kijana na ana miaka 40 ya kujenga pensheni yake. Jaji wa Mahakama Kuu ya England hatoki chuoni kwenda kwenye kiti. Huteuliwa akiwa wakili mkongwe, mara nyingi akikaribia au akiwa amepita miaka 50, na aghalabu uwakili ulikuwa ukimlipa zaidi ya ujaji. Akishakubali, desturi iliyokita mizizi haimruhusu kurudi kwenye uwakili, kwa sababu jaji anayetarajia kwenda kutafuta wateja kesho ataanza kuwapendeza leo akiwa bado kitini. Kwa hiyo pensheni ile haikuwa zawadi ya utumishi mwema. Ilikuwa bei ambayo dola ililipa ili mtu afunge mlango mmoja wa maisha yake asiufungue tena. Ofisa asiyelijua hili ataona tu mstari mrefu kwenye jedwali la matumizi na atashika mkasi.

Mkasi ulishikwa baada ya tume ya Lord Hutton kutoa ripoti yake ya mwisho Machi 2011 kuhusu pensheni za utumishi wa umma. Watu wanaishi muda mrefu zaidi, gharama zinapanda, na mipango inayotegemea mshahara wa mwisho huwapendelea wanaopanda vyeo haraka. Sina ugomvi na hoja hizo. Bunge likapitisha sheria mwaka 2013, na Aprili 1, 2015 majaji wakaingizwa kwenye mpango mpya: asilimia 2.32 ya mshahara wa kila mwaka badala ya mshahara wa mwisho, umri wa kupokea ukifungwa kwenye umri wa pensheni ya taifa, na mpango wenyewe ukasajiliwa kwenye mfumo wa kawaida wa kodi za pensheni. Ili kuwatuliza watumishi, serikali ikatoa kipozeo: waliobakiza miaka 10 au pungufu kufikia umri wa kustaafu, ikihesabiwa kutoka Aprili 1, 2012, wangebaki kwenye mpango wa zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa majaji hii ilimaanisha waliozaliwa kabla au siku ya Aprili 1, 1957. Waliozaliwa kuanzia kesho yake hadi Septemba 1, 1960 walipewa ulinzi unaopungua kidogo kidogo. Waliozaliwa baada ya hapo hawakupata kitu.

Neno lililoficha maumivu ni hilo la kusajiliwa kwenye mfumo wa kodi. Asilimia 2.32 mtu anaweza kuisoma akasema si mbaya. Hata si ndogo sana kuliko 1/40, ambayo ni asilimia 2.5. Sasa chukua jaji mwenye mshahara wa pauni 180,000, kiwango kilichokuwa karibu na cha Mahakama Kuu wakati huo. Kwa mwaka mmoja anajikusanyia pensheni ya pauni 4,176. Mamlaka ya kodi haiitazami kama 4,176. Huizidisha mara 16, ikawa pauni 66,816 za ukuaji wa pensheni. Mwaka 2016 serikali ilikuwa imeweka kanuni kwamba mwenye kipato cha juu hupunguziwa nafasi ya ukuaji usiotozwa, kutoka pauni 40,000 hadi kufikia 10,000. Jaji wetu yuko kwenye 10,000. Asipokuwa na nafasi aliyoibakiza miaka ya nyuma, pauni 56,816 zinatozwa kodi kwa kiwango chake cha juu, asilimia 45, na bili inazidi pauni 25,000 kwa mwaka mmoja. Bili hiyo ni ya fedha ambazo hajazishika na hatazishika hadi atakapokuwa na miaka 60 na kitu. Mwenzake wa ofisi ya pili, mwenye mshahara uleule, anayesikiliza kesi zilezile, lakini aliyezaliwa Machi 1957, hakuguswa na kodi hiyo hata kwa senti moja, kwa kuwa mpango wa zamani ulikuwa nje ya mfumo ule.

Sidhani kama aliyeandika mpango wa 2015 alikuwa na nia mbaya. Nadhani alikuwa na majedwali mawili kwenye mafaili mawili: la pensheni kwenye faili la wizara yake na la kodi kwenye faili la Hazina. Hakuna aliyeyaweka juu ya meza moja na kumhesabia mtu mmoja mwenye jina na tarehe ya kuzaliwa, japo ni hesabu ya dakika tano.

Majaji zaidi ya 200 walifungua shauri, ambalo limebaki likijulikana kwa jina la mmoja wao, McCloud. Hawakudai kwamba pensheni ya jaji haiguswi. Walisema kipozeo kiliwabagua kwa umri. Wakaongeza kwamba miongoni mwa majaji vijana walikuwemo wanawake wengi zaidi na watu wengi zaidi wa jamii za wachache, kwa hiyo mstari wa umri uliwagonga hao kuliko wengine. Wizara ilijitetea kwamba ililenga kuwalinda waliokaribia kustaafu wasiharibiwe mipango yao. Hapo ndipo utetezi ulipoporomoka. Mtu aliyebakiza miaka mitatu hupoteza miaka mitatu tu ya kikokotoo cha zamani. Aliyebakiza 15 hupoteza 15. Ulinzi ulikuwa umepelekwa kwa walioumizwa kidogo kuliko wote, na walioumizwa zaidi ndio walioambiwa wavumilie. Wizara ilishindwa Januari 2017, ikakata rufaa ikashindwa Januari 2018, ikashindwa tena Mahakama ya Rufani Desemba 2018, na Juni 2019 Mahakama ya Juu ikakataa hata kuisikiliza.

Kuna wanaosema majaji walijihukumia wenyewe. Hoja hii inavutia barazani kwa kuwa inasikika kama methali, lakini ndiyo dhaifu kuliko zote zilizotolewa. Kwanza, kama kila jaji nchini ana maslahi kwenye jambo fulani, kukataa wasilisikilize ni kusema raia mmoja, jaji, ndiye pekee asiye na mahakama ya kukimbilia. Sheria za nchi nyingi zililimaliza swali hilo zamani kwa kanuni ya ulazima: pasipo mwingine wa kusikiliza, aliyepo husikiliza. Pili, sheria iliyotumika haikuwa ya majaji; ilikuwa Sheria ya Usawa ya 2010, iliyotungwa na Bunge kwa ajili ya kila mwajiriwa. Tatu, na hili wasemaji huliruka, kesi ya majaji ilisikilizwa Mahakama ya Rufani pamoja na ya askari wa zimamoto, ambao walikuwa wameshindwa ngazi ya kwanza. Hukumu iliyowapa haki majaji iliwapa haki hao pia, kisha ikawafikia walimu, wauguzi, polisi na wanajeshi. Ukiuita huo ulafi wa majaji, basi ni ulafi uliowalisha majirani wote.

Kwa upande mwingine wapo wanaosema kila mabadiliko kwenye pensheni ya jaji ni shambulio dhidi ya uhuru wa mahakama. Hawa ni wanasheria wenye vitabu na si watu wa kupuuza, lakini historia haiwaungi mkono. Kanada ilipoanza kuwadai majaji wachangie pensheni yao, Jaji Marc Beauregard alipinga, na mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema kuchangia si kuvunjiwa uhuru. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ilikubali punguzo la mishahara ya majaji wa Ureno, kwa kuwa lilikuwa la muda na liliwagusa watumishi wengine wa umma pia. Mahakama hiyohiyo ilikuwa kali kwa Hungaria mwaka 2012 na kwa Poland mwaka 2019, nchi zote mbili zilipoushusha ghafla umri wa majaji kustaafu. Tofauti ni kwamba Ureno ilipunguza matumizi, na hao wengine walikuwa wanawaondoa watu kitini. Pensheni na umri wa kustaafu ni kisu: kinakata mkate, na kinaweza kukata kidole. Kazi ya ofisa wa sera ni kuandika muswada ambao mtu asiyemwamini waziri atausoma na bado ataona ni mkate unaokatwa.

Hoja ya wizara ambayo naiheshimu zaidi ni ya usawa wa maumivu. Ungewezaje kumwambia muuguzi akubali kikokotoo kipya huku jaji akiachwa? Kisiasa haijibiki, na ndiyo iliyoshinda mwaka 2013. Kasoro yake ni kudhani kwamba usawa maana yake ni mpango mmoja kwa kazi zote. Kodi ile ya ukuaji wa pensheni ilimgusa jaji kwa namna ambayo muuguzi hakuijua. Matokeo yakaja haraka: nafasi za Mahakama Kuu, zilizokuwa zikigombewa, zikaanza kubaki wazi kwa kukosa waombaji wenye sifa. Mawakili walipiga hesabu yao ya dakika tano. Juni 2019 serikali ikabidi iwape posho ya asilimia 25 majaji wa Mahakama Kuu waliokuwa kwenye mpango mpya, na asilimia 15 wale wa mahakama za mzunguko, ili watu wakubali kuja na waliopo wakubali kubaki. Fedha iliyookolewa kwa mlango wa pensheni ikatokea kwa mlango wa mshahara, tena baada ya aibu. Bili ya kusahihisha kipozeo kwa utumishi wote wa umma, kwa makadirio ya serikali yenyewe mwaka 2020, ilikuwa pauni bilioni 17.

Tukumbuke pia kwamba McCloud haikuwa ajali ya kwanza. Wizara hiyohiyo ilikuwa imetumia miaka mingi kukataa kuwapa pensheni majaji wa muda wanaolipwa kwa siku, hadi wakili Dermod O'Brien, mmoja wa majaji hao, alipoifikisha kesi yake Luxembourg, kwenye Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na kuirudisha London. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilimpa haki na kusema kwamba ukata wa fedha peke yake hauhalalishi ubaguzi. Mwaka 2018 Luxembourg ikaongeza kwamba hata miaka aliyotumikia kabla ya Aprili 2000 lazima ihesabiwe. Kushindwa mara mbili kwa sababu zinazofanana huonyesha tatizo la muundo, na muundo wenyewe ni huu: Waziri wa Sheria wa Uingereza ndiye pia Lord Chancellor. Kwa sheria ya 2005 ana wajibu wa kuulinda uhuru wa mahakama. Ndiye mdaiwa kesi inapofunguliwa. Na ndiye anayebanwa na Hazina apunguze matumizi. Ofisa wa chini yake anayeongoza sera ya pensheni hubeba kofia hizo tatu kwa niaba yake, na inayosikika zaidi ni ya Hazina kwa sababu ndiyo pekee yenye namba na tarehe ya mwisho.

Toleo la tatu la mpango wa pensheni lilipokuja, lilionyesha kwamba mtu fulani hatimaye aliyakutanisha mafaili. Sheria ya Machi 2022 na mpango wa Aprili 1 mwaka huo haukurudisha mshahara wa mwisho; wastani wa utumishi wote ulibaki, na umri wa kupokea ukabaki kwenye umri wa pensheni ya taifa. Kilichobadilika ni kwamba mpango ulitolewa nje ya mfumo wa usajili wa kodi, kiwango kikawa asilimia 2.5, mchango ukawa asilimia 4.26 kwa wote, na posho ya 2019 ikaondolewa. Hakuna mstari wa tarehe ya kuzaliwa. Kila jaji aliingia siku moja, mzee na kijana, na kila mmoja alibaki na alichokwisha kukichuma. Hayo yalikuwa yanawezekana mwaka 2012. Umri wa lazima wa kustaafu nao ulipandishwa kutoka 70 hadi 75, hatua ambayo mimi siipendi sana kwa sababu inachelewesha sura mpya kitini, lakini angalau haimwondoi mtu.

Ukirudi Romania na darasa hili mkononi, utaona kwamba kiini cha mageuzi yao kina nguvu kuliko cha Uingereza, si pungufu. Kule ujaji ni kazi ya kuanzia ujana. Mtu huingia baada ya masomo, na sheria ya kabla ya mageuzi ilimruhusu kuondoka baada ya miaka 25 ya utumishi, wengi wakiwa ndiyo kwanza wanafika miaka 50 au hawajafika. Hoja ya mlango uliofungwa, iliyohalalisha 1/40 ya Waingereza, haimhusu mtu ambaye hakuacha chochote nyuma yake na bado ana miaka 15 ya nguvu mbele. Kutaka astaafu akiwa na 65, kwa pensheni isiyozidi asilimia 70 ya mshahara halisi wa mwisho, si udhalilishaji. Ndiyo maana inauma kuona sheria yenye hoja nzuri ikianguka kwa kutosubiri barua ya maoni. Barua hiyo haikuwa na nguvu ya kuizuia. Ingekuwa mbaya kiasi gani, ingewekwa kwenye faili na safari ikaendelea.

Kwa wasomaji wa Kenya, hatari iko upande mwingine. Ibara ya 160(4) ya Katiba ya 2010 inakataza kubadilisha mshahara na marupurupu ya jaji kwa namna inayomuumiza, na inakataza hivyohivyo mafao ya jaji aliyestaafu maadamu yu hai. Ni ukuta mzuri dhidi ya waziri mwenye hasira. Lakini ukuta huo huo humfungia ndani ofisa aliyekosea: ahadi ya pensheni ikishatolewa kwa ukarimu wa siku moja, haitarudishwa kwa jaji huyo hadi anakwenda kaburini. Kinachobaki ni kubadilisha masharti kwa watakaoteuliwa baadaye, na hapo ndipo unapopata majaji wawili kwenye jopo moja wenye mikataba miwili, kama ilivyokuwa London. Kanada ilijaribu kulitatua hili kwa hukumu ya 1997 iliyotaka tume huru isimame kati ya serikali na majaji, itoe mapendekezo kuhusu malipo, na serikali ikiyakataa iandike sababu zinazoweza kusomwa mahakamani. Tume haimwondolei ofisa wa wizara kazi yake. Inamlazimisha tu kuonyesha hesabu mapema, mbele ya mtu asiye bosi wake.

Romania nayo imeweka ngazi za mpito: umri wa kustaafu unapanda hatua kwa hatua kwa miaka mingi hadi ufikie 65, na aliye karibu zaidi na mlango wa kutokea ndiye anayeongezewa miezi michache kuliko wote. Inaonekana ni upole. Ningetamani kumwona ofisa aliyechora ngazi hizo akieleza kwa nini jaji wa ngazi ya nne na wa ngazi ya tano, waliosoma darasa moja, wameachana, na kama jibu lake lingekuwa tofauti na lile la London la mwaka 2012.